Barua kwa mwanangu unayesema wito wa kusitisha vita ni maneno matupu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Juzi barazani hapa Wete, taarifa ya habari ilipokwisha, ulisema neno ambalo halijanitoka moyoni: kwamba wanadiplomasia hutoa wito wa kusitisha mapigano, kisha wakenda zao kula. Sikukujibu mbele ya wageni. Leo nakujibu, tena hadharani, kwa kuwa wenzako wengi husema hayo hayo, na wewe ndiye unayetaka kwenda kusoma diplomasia Kurasini.

Wito wenyewe huandikwa kwa sentensi moja. Linalokesha watu ni kujua watafanya nini wakishajibiwa. Yuko atakayekataa, yuko atakayekubali kwa masharti, yuko atakayenyamaza, na yuko atakayesema ndiyo mchana halafu usiku akasogeza vifaru. Wako pia wanaokubali upesi kuliko ulivyotegemea, na hao ndio wanaosahauliwa kupangiwa.

Tazama 1973. Tarehe 22 Oktoba Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 338, likazitaka pande zinazopigana Mashariki ya Kati ziache vita katika muda usiozidi saa 12, kila mmoja abaki pale alipo. Misri ikakubali, Israel ikakubali. Lakini azimio lile halikusema nani atakwenda kusimama kati yao, na "pale alipo" kila upande ukapataja pake. Mapigano yakaendelea, Israel ikalizingira Jeshi la Tatu la Misri. Kesho yake likaja azimio 339, la kumtaka Katibu Mkuu apeleke waangalizi mara moja. Tarehe 25 likaja 340, la kuunda kikosi cha Umoja wa Mataifa, na siku hiyo hiyo Marekani ilikuwa imeyaweka majeshi yake katika tahadhari, silaha za nyuklia zikiwemo, kwa kuhofia Wasovieti wataingia. Neno "waangalizi" lingekuwamo tangu karatasi ya kwanza, naamini wapo waliokufa baina ya siku zile ambao wangerudi kwao.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenikuta mimi mwenyewe. Wewe ulikuwa mdogo bado. Ndugu wawili wa baba mmoja waligombania mpaka wa shamba la mikarafuu, na nikaombwa nisuluhishe. Usiku kucha niliwaza wakikataa nitafanya nini: nimwendee nani, sheha aambiwe lini, mama yao aletwe au asiletwe. Asubuhi tukakaa jamvini, kahawa haijapoa, wote wawili wakakubali. Tukasoma Fatiha, tukapeana mikono. Nilifurahi nikasahau kwamba hakuna aliyetumwa kwenda kuuonesha mpaka na kuutia alama kwenye miti. Alfajiri ya pili wachumaji wa pande zote mbili walikutana chini ya mkarafuu mmoja, kila mmoja na pakacha lake, na panga likainuliwa. Nilifika mbio nikasimama kati yao. Allah alitustiri.

Kwa hiyo ukisikia kuna ofisi ambamo watu wanaandika "wakisema hivi, tutafanya hivi", usiwaone wanapoteza muda. Hata kura moja huhitaji kuandaliwa mapema. Tarehe 4 Juni 1982, Uingereza na Argentina zikipigania visiwa vya Falklands, Hispania na Panama zilileta rasimu ya kusitisha mapigano. Uingereza na Marekani zikaipinga kwa kura ya turufu. Muda mfupi baadaye balozi wa Marekani, Jeane Kirkpatrick, akaliambia Baraza kwamba lau ingewezekana kubadili kura, basi angejizuia kupiga. Maagizo mapya ya serikali yake yalichelewa kumfikia.

Na sisi Watanzania tumewahi kuwa wa kuitwa tusitishe vita. Idi Amin alipoivamia Kagera 1978, wapatanishi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokuja, Mwalimu Nyerere alikuwa na masharti yake tayari: uvamizi ulaaniwe, Amin aache kudai ardhi yetu, fidia ilipwe. Upatanishi haukufika popote. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Balozi wetu Umoja wa Mataifa miaka ile alikuwa Mzanzibari, Salim Ahmed Salim. Miaka mingi baadaye Umoja wa Afrika ulimpa kazi ya kuwapatanisha watu wa Darfur kule Abuja. Tarehe 5 Mei 2006 serikali ya Sudan ikasaini, na kundi la waasi la Minni Minnawi likasaini. Kiongozi mwingine wa waasi, Abdul Wahid al-Nur, alikataa, na kundi la tatu la waasi, JEM, wakakataa. Kumbuka huyu ni mtu aliyekwisha kuliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na kuwa Katibu Mkuu wa OAU, huo Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa miaka 12. Kama yeye alikutana na meza yenye ndiyo mbili na hapana mbili, wewe utakutana nayo mara ngapi?

Basi Ijumaa baada ya sala njoo na daftari. Tutauchukua wito ule ule uliouchekea juzi, tuandike kila jibu linaloweza kurudi, na mbele ya kila jibu tuandike nani aende, aende lini, na akifika asimame wapi. Kahawa nitapika mimi.

Mjomba wako,
Wete, Pemba