Mota ya mzee jirani

Sudi ndugu yangu,

Salama lakini? Huku wazima, mama watoto anakusalimia, anasema sahani yake ya pilau bado unadaiwa. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Bi Mwanne, usiniseme, nimeshajisema mwenyewe vya kutosha. Leo nakutafuta kwa shida, kama kawaida yangu.

Ni hivi. Nina jirani hapa Texas, mzee wa miaka 79, mwindaji wa kulungu, bunduki yake .30-06. Huku maganda ya risasi hayatupwi, mtu anaokota, anasafisha, anajaza upya gereji kwake, halali kabisa na vifaa vinauzwa dukani, siku ya kwanza kuona nilishtuka maana kwetu si ungelala kituoni wewe. Sasa ganda likishapigwa na kurudishwa kwenye saizi linarefuka, likizidi inchi 2.494 mdomo unabanwa mle ndani ya bunduki na presha inapanda vibaya, kwa hiyo inabidi alikate, alichonge mdomo ndani na nje kutoa makali, halafu akwangue masizi kwenye kile kishimo cha fataki kitakoni. Yote kwa mkono, moja moja. Na vidole vimeshaisha, yabisi. Juzi nimemkuta asubuhi nzima kamaliza maganda kumi na moja, mkono kauchovya kwenye beseni la maji moto. Mimi na mdomo wangu nikasema mzee, nitakutengenezea mashine.

Za dukani zipo. Kagoma, anasema hawezi kununua kitu ambacho kinatengenezeka. Yaani Mzee Kondo mtupu, ila mweupe.

Nikaanza na mota ya drili mbovu. Kelele mpaka mbwa akahama, na kasi yake ni ya kichaa, kikatio kinatetemeka kinaacha mawimbi kwenye mdomo wa ganda, ukipunguza kwa swichi nguvu nayo inakata. Nikajaribu ya feni, ile ukiigusa tu inasimama inakuangalia. Ndio nikaenda skrepa nikapata mota ya waipa ya pikapu, dola 15, volti 12, nimeilisha kwa pawasaplai ya kompyuta ya zamani. Nimebandika kipande cha tepu kwenye shafti nikahesabu, mizunguko 44 kwa dakika, ya haraka 66. Hasi inapita kwenye bodi kwa hiyo nimeikalisha juu ya mbao. Sudi, inakata kama siagi! Taratibu, hakuna kutetemeka, nikajiona fundi.

Mpaka ganda lilipong'ang'ania kwenye kikatio. Likazunguka nacho vidoleni mwangu, likanivua ngozi ya kidole gumba, na mota wala haikupunguza mwendo, gia yake ya parafujo haijui kitu kinaitwa kushindwa. Mimi kidole changu kitapona, lakini yule mzee ngozi yake ni karatasi, na akishashika kitu vidole havifunguki haraka. Toka siku hiyo nimefunika ile mota na gunia, namwambia nasubiri vipuri.

Hapo ndipo nikamkumbuka Mama Zai. Ile mashine ya kukunia nazi tuliyomtengenezea pale Gerezani, mkanda ukawa unateleza kila akikandamiza nazi, akatutukana wiki nzima na hela akakata. Sasa mimi nautaka ule utelezi! Nataka mota inayokubali yaishe. Nimepata moja ya mashine ya kufulia, mizunguko 1725 (huku umeme ni hezi 60, ya kwako ingekuwa 1400 na kitu), nikiweka puli ya inchi 1 huku na ya 6 kule napata kama 290, mkanda wa mpira wa mviringo niulegeze, ganda likikwama mkanda uteleze mota ijizungukie zake. Ila nikiulegeza sana narudi kwenye habari ya feni. Halafu ni zito hilo dude, na meza ya mzee ni ya mbao za paleti za mizigo... hiyo nitajua mbele.

Msimu wao unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba na maganda yake yako kwenye ndoo mbili.

Kwa hiyo niambie, ule mkanda wa Mama Zai ulikuwa wa cherehani au tulikata tyubu? Puli tulizitoa wapi, zilikuwa saizi gani? Au we ungebaki na waipa, ukaweka mkanda katikati na kuongeza kasi kwa puli? Bado unawaindi mota au umemwachia yule kijana? Na mguu wa shemeji vipi?

Kama mashine bado ipo, pita kwa Mama Zai upime zile puli unitumie picha. Usimwambie natafuta utelezi, atadai hela yake.

Wako,
Kibabu