Kwa nini hatubadilishi kitasa cha mpangaji anayedaiwa

Mwenye nyumba anapotupigia simu kuhusu mpangaji asiyelipa, mara nyingi ameshachoka. Kodi imelimbikizana, ahadi zimekuwa nyingi, na anachotaka ni tufike na fundi, kitasa kibadilishwe, vyombo vitolewe nje, nyumba ipate mtu mwingine. Tunakataa. Wateja wetu wanastahili kujua sababu, maana kukataa huku ni sehemu ya kazi wanayotulipa.

Nyumba ni yako, lakini ukishaipangisha umempa mtu mwingine haki ya kuikalia, na haki hiyo haifi siku kodi inapochelewa. Mpangaji anayedaiwa bado ni mpangaji. Deni linakupa sababu ya kudai nyumba irudi mikononi mwako. Halikupi ruhusa ya kuitwaa mwenyewe. Katika nchi nyingi anayeweza kumtoa mtu ndani ya makazi yake ni mahakama, au baraza lililopewa mamlaka hayo, kupitia ofisa wake. Afrika Kusini imeliweka jambo hili kwenye katiba: kifungu cha 26 kinasema hakuna mtu atakayeondolewa katika makazi yake bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuzingatia mazingira yote yanayohusika. England na Wales zina sheria ya mwaka 1977 inayofanya kumfukuza mpangaji nje ya utaratibu kuwa kosa la jinai.

Tena kitasa si njia pekee ya kumfukuza mtu. Ukikata maji au umeme ili ahame, ukang'oa mlango kwa kisingizio cha ukarabati, ukatuma vijana wakamtishe usiku, mahakama inaweza kuyahesabu yote hayo kuwa ni kumfukuza. Hapo ndipo mambo yanapogeuka: wewe uliyekuwa unadai ndiye unayeshtakiwa. Unaweza kuamriwa umrudishe ndani na ulipe fidia ya vyombo vilivyopotea au kunyeshewa. Akisema ndani ya kabati kulikuwa na fedha, nani atathibitisha kwamba hazikuwepo?

Wengine hutuonyesha mkataba: "Ameweka sahihi kwamba akichelewa nitafunga mlango." Kifungu cha namna hiyo hakikuokoi pale ambapo sheria inataka amri ya mahakama. Kinga hiyo imewekwa na sheria, na kwa kawaida mpangaji hawezi kuisalimisha kwa kalamu.

Kesi nyingi huharibikia kwenye notisi

Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko penginepo. Notisi, yaani taarifa ya maandishi ya kumtaka mpangaji ahame, ni karatasi fupi, na kwa sababu ni fupi watu huidharau. Lakini hakimu akianza kusikiliza shauri, mara nyingi hiyo ndiyo anayoiangalia kwanza, na ikiwa na kasoro shauri linaweza kutupwa kabla hata ya deni kuzungumzwa. Unarudi mwanzo, na miezi uliyosubiri imepotea.

Inatakiwa imtaje mpangaji kama alivyotajwa kwenye mkataba, ieleze nyumba au chumba chenyewe, itoe sababu pale sheria inapodai sababu, na itaje tarehe sahihi. Tarehe ndiyo inayowaangusha wengi. Muda wa notisi hutegemea aina ya mkataba, jinsi kodi inavyolipwa, sababu unayoitoa, na pengine muda ambao mpangaji ameishi hapo. Nchini Ujerumani, kwa mfano, mwenye nyumba anayesitisha mkataba wa kawaida wa makazi usio na ukomo hutoa miezi 3. Mpangaji akiwa ameshakaa miaka 5 inakuwa miezi 6, na baada ya miaka 8 inakuwa 9. Kodi isiyolipwa ina utaratibu wake mwingine, wa haraka zaidi. Kwa hiyo notisi aliyoitumia jirani yako na akafanikiwa inaweza kuwa batili kwako. Sheria nazo hubadilika: mwaka 2025 England ilipitisha sheria ya kufuta notisi ya kumtoa mpangaji bila kutaja sababu, na fomu zilizozoeleka kwa miongo mingi zikapitwa na wakati.

Kisha kuna swali la ilivyofikishwa. Notisi iliyosukumwa chini ya mlango bila shahidi ni rahisi kukanwa. Sisi huipeleka kwa njia inayotambuliwa na sheria na kuhifadhi uthibitisho: sahihi ya aliyepokea, au maelezo ya aliyeipeleka yenye siku na saa.

Na tafadhali, ukishatoa notisi usipokee kodi ya kipindi kinachofuata bila kutuuliza kwanza. Katika baadhi ya mifumo ya sheria kupokea fedha hizo kunaweza kutafsiriwa kwamba umeiacha notisi na upangaji unaendelea. Malimbikizo ya nyuma ni jambo jingine, lakini risiti iseme wazi fedha ni za miezi ipi.

Kabla ya kwenda mahakamani tunamwita mpangaji tuzungumze. Kwa maoni yetu hii ndiyo hatua yenye thamani kubwa zaidi. Wapo waliopoteza kazi na wanaweza kulipa kidogo kidogo. Hao tunawaandikia makubaliano yenye kiasi na tarehe. Wapo wasioweza kabisa, nao wengi huona afadhali kuondoka kwa heshima, hasa ukikubali kusamehe sehemu ya deni. Mwenye nyumba husononeka kusamehe, nasi tunamwelewa. Hata hivyo nyumba inayorudi mapema kwa maandishi, funguo zikakabidhiwa na hali ya vyumba ikakaguliwa pamoja, mara nyingi humwachia fedha nyingi kuliko kesi ndefu.

Shauri likifunguliwa, mpangaji atapewa wito na atasikilizwa. Anaweza kuleta risiti ambazo hukuziandika kwenye daftari lako, au barua za kuomba paa linalovuja litengenezwe, au kudai kwamba unamtoa kwa kisasi kwa sababu alikulalamikia. Haya tunakuuliza mapema, na tunaomba utujibu ukweli wote.

Hukumu ikiwa upande wako, bado usiende mlangoni. Anayeitekeleza ni ofisa wa mahakama, kwa siku iliyopangwa, na wakati mwingine sheria yenyewe humtaka asubiri: Ufaransa husimamisha kwa kawaida kuwatoa wapangaji kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, hata kama hukumu imeshatolewa. Vyombo vitakavyobaki huorodheshwa, havigawiwi wala kuuzwa kwa uamuzi wako. Amana, yaani fedha ya dhamana aliyoiweka mpangaji, nayo ina hesabu yake, na mpangaji ana haki ya kuonyeshwa ulichokata na sababu yake.

Ukija ofisini lete mkataba, hata kama ni wa karatasi moja, daftari au taarifa za benki zinazoonyesha malipo, na ujumbe wote mliotumiana, pamoja na ule ulioandika kwa hasira. Kama hakukuwa na mkataba wa maandishi, njoo vilevile: upangaji wa mdomo nao unatambuliwa katika nchi nyingi, na risiti husaidia kuuthibitisha. Kama kitasa kimeshabadilishwa, tupigie leo kabla mpangaji hajakimbilia mahakamani, ili tuzungumze jinsi ya kumfungulia.