Kizigeu hasi cha utamu hakikuambii upunguze sukari

Sisi huwaonjesha watu bidhaa za viwanda na kuchambua alama wanazotoa, na kuna lalamiko linalotufuata kila msimu wa ripoti: "Mlituambia utamu unashusha alama za kupendwa. Tumepunguza sukari, sasa wateja wanaikataa bidhaa." Safari hii limekuja na neno "utapeli" ndani yake, kwa hiyo tunalijibu hapa ili tusirudie kulijibu kwa simu.

Hatukusema hivyo. Tulisema kizigeu cha utamu (namba inayoonyesha alama za kupenda zinapanda au kushuka kiasi gani utamu ukiongezeka) ni hasi uzito wa yogati, yaani ule wa kushikana kwake na si wa kilo, ukiwa haubadiliki. Mteja huyo, mtengenezaji wa yogati, alisoma nusu ya kwanza, akaenda kiwandani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Jopo la waonjaji waliofunzwa lilipima utamu, uchachu na uzito. Walaji wa kawaida wakatoa alama za kupenda kwenye mizani ya 1 hadi 9. Sampuli zilitoka kwenye laini ya uzalishaji zilivyo, na pale kiwandani yogati tamu ndizo pia nzito. Ukiuangalia utamu peke yake, unapanda na alama zinapanda. Ukiuingiza pamoja na uzito kwenye regresheni moja (hesabu inayotenganisha mchango wa kila sifa kwenye alama), uzito unabeba chanya yote na utamu unageuka hasi. Majibu hayo mawili hayapingani. La kwanza linahusu yogati tamu kwa jumla. La pili linahusu yogati mbili zenye uzito uleule, moja tamu kuliko nyingine. Na ukipunguza sukari, unapunguza pia yabisi, yogati inalegea. Mteja alidhani amegusa kitu kimoja, kumbe amegusa viwili, na kile cha pili ndicho walaji walichokuwa wanakipenda.

Tena ripoti ilionya kwamba masafa ya kizigeu hicho (eneo ambamo thamani yake halisi inaweza kuwa) yanaanzia upande wa hasi na kuishia upande wa chanya. Utamu na uzito vikiwa na uwiano (korilesheni, yaani kiasi vinavyopanda na kushuka pamoja) wa 0.95, kosa sanifu la kizigeu cha kila kimoja, yaani kipimo cha kuyumba kwake, huvimba zaidi ya mara 3 ya vile lingekuwa kama visingehusiana. Ondoa sampuli moja, hasi inaweza kugeuka chanya. Huwezi kubadilisha mapishi kwa namba ya namna hiyo.

Sasa, kwa nini haya hayakusomwa? Kwa sababu mteja aliomba "jedwali tu, tafsiri tutafanya wenyewe", ili bei ishuke. Bei ilishuka kweli. Baadaye akalipia shehena iliyorudishwa na duru nyingine ya uonjaji. Mnaouliza kwa nini tunatoza tafsiri kando: kukokotoa regresheni ni kazi ya sekunde, hata Excel inafanya. Tunachotoza ni muda wa kukaa na namba na kuzitilia shaka kabla hujazipeleka jikoni.

Njia ya mkato nyingine ni kupunguza sampuli na kurefusha dodoso. Kuna mteja alituletea bidhaa 6 na wastani wa sifa 5, akiringa kwamba R mraba yake (sehemu ya tofauti za alama ambayo modeli inaieleza) ni 1. Lazima iwe 1, ndugu yangu! Nukta 6, vizigeu 5 na namba ya kuanzia: mstari unapita kila nukta hata kama alama zimetungwa. Alipotumia safu za walaji 100 badala ya wastani, akasema ana watu 600. Ana watu 100 walioonja mara 6 kila mmoja, na anayependa kugawa alama za juu huzigawa kote. Modeli isiyojua hilo itakupa thamani za p (kipimo cha kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu) zisizoaminika.

Mwingine alilinganisha vizigeu vya chumvi na mafuta kwa ukubwa, akatangaza kwamba chumvi ndiyo muhimu. Badilisha gramu kuwa miligramu, kizigeu kinagawanyika kwa 1,000, na chumvi ni ileile. Ukitaka kulinganisha, tumia vizigeu vilivyosanifishwa, yaani vilivyowekwa kwenye kipimo kimoja, na hata hivyo kwa tahadhari.

Halafu kuna "utamu hauna athari". Hilo hutusumbua zaidi, maana linaonekana la kisayansi. Utamu hupendwa ukipanda hadi mahali fulani, kisha hukinaisha. Ukilazimisha mstari ulionyooka juu ya kilima, unapata mteremko wa karibu sifuri. Tunaweka utamu na mraba wake, kilele kinaonekana. Wakati mwingine hata kilima hakipo: nusu ya walaji wanataka tamu, nusu wanaikimbia, na wastani wao hauelezi mtu yeyote.

(Na tafadhali, msimwombe mlaji yuleyule atoe alama za kupenda na pia apime sifa zote. Akiipenda, kila kitu ndani yake kinakuwa kizuri.)

Kwa mteja wetu wa yogati, tulichopendekeza tangu mwanzo ni sampuli 4 za makusudi: tamu nzito, tamu nyepesi, isiyo tamu sana nzito, isiyo tamu sana nyepesi. Hapo utamu na uzito vinaachana, na kila kizigeu kinasimama chenyewe. Mbili kati ya hizo kiwanda hakizizalishi, hivyo lazima zitengenezwe maabara na uzito wake upimwe kwa kifaa kabla hazijafika mezani. Ndiyo ile bei aliyoiona kwenye ankara ya makadirio na kuikata kwa kalamu nyekundu. Bado ipo, na haijapanda.