Mwanangu, unalala saa ngapi?

Mwanangu,

Shikamoo yako ya jana nimeipata, marahaba. Imeingia saa 8 na dakika 10 usiku. Mimi nilikuwa macho kwa sababu ya hili bomba la jikoni linalodondosha maji, nitakuja kulisema, ila wewe ulikuwa macho kwa sababu gani? Asubuhi mama yako kafurahi, eti mtoto katukumbuka, nikanyamaza sikutaka kumpandisha presha. Mtu anayesalimia wazazi saa 8 usiku hajawakumbuka, ndo kwanza kafunga laptopu.

Sasa nakuuliza, unalala saa ngapi? Na usinijibu "niko poa baba, niko bizi kidogo tu". Hiyo kidogo inaingia mwaka wa pili.

Kuhusu cheo, hongera tena. Huku kila anayenisalimia namwambia, hata ambao hawajauliza, mama yako kashaanza kunikanyaga mguu tukiwa na wageni. Kusimamia watu kwa umri wako sio mchezo. Yale uliyotuahidi siku ya mahafali siyarudii, unayakumbuka kuliko mimi. Ila tangu upate hicho cheo sijawahi kuongea na wewe dakika 10 bila kusikia kibodi ikigongwa. Juzi nakueleza habari ya macho ya mama yako ukaniambia "sawa baba, nitumie tu kwenye imeili". Nikutumie nini? Macho?

Na usidhani nakutisha kwa maneno ya kizee, nimesoma. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa 2021, wanasema anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari ya kupata kiharusi kwake inazidi kwa kama asilimia 35 ukimlinganisha na wa saa 35 mpaka 40. Nikachukua kalamu nikakuhesabia. Saa 2 asubuhi mpaka saa 3 usiku, siku 5, nikakutolea saa nzima ya kula kila siku wakati najua huli, Jumamosi sijaigusa kabisa, bado umefika 60. Kalamu nikaiweka, nikaenda kukaa nje.

Mama yako anasema hii tabia hukuiokota barabarani. Sijamuuliza ana maana gani. Ni kweli kuna miaka nilikuwa natoka mmelala narudi mmelala, lakini zile zilikuwa ada zenu, na kazi ya wakati ule ukifunga mlango inabaki kulekule, haikufuati kitandani ikatetemeka chini ya mto. Hata hivyo. Ile michoro uliyokuwa unaniachia mezani nilikuwa naiona, ninayo yote, iko kwenye begi la vyeti. Sijui kama niliwahi kukwambia.

Basi angalau simu iache ichajiwe sebuleni. Najua utasema ndo alamu yako, nunua saa ya alamu, ile ya kengele. Mwanga wa kioo usiku unauchelewesha mwili kutoa ile homoni ya usingizi, na hata bila mwanga, meseji moja ya bosi inatosha kukutoa usingizi wote. Halafu ile programu uliyonisifia, ya kukufundisha kutulia, inayokutumia notifikesheni kukukumbusha utulie, nilicheka mwanangu, nisamehe. Yaani hata utulivu nao unakupigia kelele.

Mimi siku hizi nakaa kibarazani nyuma dakika 20, bila redio wala simu, sifanyi kitu. Sikudanganyi, siku ya kwanza nilidumu dakika 4 nikainuka kukagua kamba ya kuanikia nguo ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mkono wenyewe ulikuwa unaenda mfukoni. Siku ya pili yakanijia mawazo ambayo nilikuwa nimeyakimbia muda mrefu, mengine yanakuhusu wewe, nikaona bora ya ile kamba. Sasa hivi nafika zote 20, siku nyingine nasinzia, mama yako anasema kusinzia hakuhesabiki. Wewe anza na 5. Usiniambie huna, tiki zako za bluu naziona kila saa.

Na ukiona mwili unakataa, kichwa kinauma kila siku, au umefika mahali kazi uliyoipenda unaichukia, nenda kwa daktari, usingoje likizo. Likizo yenyewe mwaka jana uliichukua ukaenda nayo na laptopu. Kazini waambie kuanzia saa fulani hupatikani. Ufaransa sheria yao ya kazi tangu 2017 inaitambua haki ya mfanyakazi kutojibu mambo ya ofisi akishatoka, kwa hiyo hujaomba kitu cha ajabu. Watakununia wiki moja. Wakinuna mbili nipigie. Unalala saa ngapi lakini?

Haya, ya hapa nyumbani. Bomba fundi kaja mara 2, kalipwa mara 2, bado linadondosha, nimeweka ndoo yenye tambara ndani ili lisilie. Miwani ya mama yako imepatikana, alikuwa kaikalia, mkono mmoja umevunjika, kaufunga na uzi na hataki mpya. Mdogo wako kahamia chumba chako eti kuna utulivu wa kusomea, hasomi. Vitabu vyako nimevitoa nikaviweka juu ya kabati letu, ila lile sanduku lenye kufuli sijaligusa, niambie ufunguo uko wapi au tuliache hivyohivyo.

Usinijibu usiku.

Baba yako

NB: Mama yako kasoma juu ya bega langu, anasema niongeze kwamba hata mimi sijalala. Ni bomba.