Malalamiko: fedha zangu, na leseni mliyoifunika kwa kalenda

Meneja,
Kampuni ya Udalali wa Nyumba na Viwanja,
Arusha.

YAH: KUREJESHEWA SH. 2,470,000

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, ingawa ofisini kwenu Jumatatu heshima sikuipata.

Taratibu zenu mnazijua: malipo ofisini, risiti ya mashine ya EFD, ile inayotambuliwa na TRA, mkataba mbele ya mwenye nyumba. Ofisa mauzo wenu alipokea kodi ya miezi 6 na udalali wa mwezi mmoja kwenye simu yake binafsi. Tulipofika kwenye nyumba hiyo, Moshono, na kirikuu (kigari cha mizigo) imejaa vyombo, tulimkuta mama anaanika nepi za mtoto, kodi yake haijaisha. Hakuwahi kusikia habari zangu.

Hata hilo ningelivumilia. Jumatatu, ofisini kwenu, nilimuuliza dada wa mapokezi, taratibu tu, leseni yenu ya udalali iko wapi. Akanionyesha fremu ukutani. Nikasogea, nikaipiga picha, nikaanza kusoma: kuuza vifaa vya ujenzi. Ofisa wenu akatoka ndani, akachukua kalenda, akaitundika juu ya ile fremu. Akasema mbele ya wateja: "Mama, kwani wewe ndiye Afisa Biashara? Kanunue miwani kwanza." Watu wakacheka. Baba mkwe wangu, mzee wa miaka 74, alikuwa amekaa pale na fimbo yake.

Na ile elfu ishirini ya kuonyeshwa nyumba, wiki mbili kabla, nayo risiti sijaiona mpaka leo.

Leseni ya biashara hutolewa kwa biashara iliyotajwa na mahali palipotajwa. Ya saruji na mabati haipangishi nyumba, na inatundikwa ili ionekane, si ili ifunikwe. Wenzetu wa Kenya, hapo tu ng'ambo ya Namanga, wana sheria ya madalali wa nyumba tangu 1984 na bodi inayowasajili. Sisi wapangaji tunaitegemea karatasi ile ukutani. Mtu anauza fenicha apate kodi, halafu anaikuta karatasi ya saruji!

Narudia, meneja, ili ulione. Mkono mmoja ameshika simu ileile iliyopokea fedha zangu, mwingine unanyoosha kalenda isikae upande. Anainyoosha kabisa, bila haraka. Kisha ananiambia kanunue miwani. Mzee akainamisha kichwa. Njiani akaniuliza, "Mwanangu, kwani sisi tumeiba nini?" Nilishindwa kumjibu.

Siku ile nilikuja kudai udalali tu, 350,000, na kodi mngenitafutia nyumba nyingine. Sasa sitaki nyumba yenu. Nataka 2,470,000 yote ndani ya siku 7, pamoja na 60,000 ya kirikuu kwenda na kurudi. Na kijana huyo aje Sakina amwombe radhi mzee ana kwa ana, si kwa simu.

Siku 7 zikipita, ujumbe wa muamala unakwenda polisi na madai yanakwenda Mahakama ya Mwanzo. Picha ya fremu nilipanga kuisubirisha pia. Nimeghairi. Kesho asubuhi naipeleka kwa Afisa Biashara wa Jiji, mlipe msilipe.

Wenu,
Mteja wa nyumba ya Moshono,
Sakina, Arusha.