Ile chuma ya kuvutia tela itoeni jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee ile chuma ya kuvutia tela nyuma ya pikapu, maana watu wengi wanaiacha hapo mwaka mzima na tela lenyewe hawalivuti, alafu wanashangaa mtu akipita nyuma ya gari anagonga muundi. Yangu ilinigonga mara tatu ndo nikaamua kuitoa.

Ukiambiwa ni rahisi, unatoa klipu, unachomoa pini, unavuta. Kumbe imeshashikana na kutu mle ndani ya bomba la mraba hata haitikisiki! Nikapuliza oili ya kulegeza kutu nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikaigonga nyundo kushoto kulia mpaka ikaanza kuachia. Hapo ndo pa kuwa makini, zile kubwa zenye kichwa cha kurekebisha urefu zinafika kilo 20 na zaidi, ikichomoka ghafla inatua moja kwa moja kwenye vidole vya mguu, so weka jeki au gogo chini yake kwanza.

Kuihifadhi je? Usiitupe tu nyuma kwenye bodi, siku ukifunga breki za ghafla itaruka kama kombora. Wala usiipandishe rafu ya juu (nani ataishusha?). Mi yangu iko kwenye kreti chini sakafuni, nimeipaka grisi kidogo, na pini nimeirudisha kwenye tundu lake maana nilishapoteza mbili. Bomba linalobaki wazi kwenye gari lizibe na kifuniko cha plastiki, tope lisiingie.

Ni mimi msomaji wenu, mwenye kovu la muundi