Sauti za Msondo na Sikinde ziandikwe nota

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwenye safu hii kwamba bendi kongwe za dansi, kama Msondo na Sikinde, zimeshakula chumvi nyingi, zibaki kupiga zilipendwa kwenye harusi na sikukuu, mambo ya kubuni waachiwe vijana wa Bongo Fleva. Kwamba wazee wamechoka sina ugomvi naye. Ninachokataa ni ile dhana kwamba bendi ikizeeka lazima ichague moja: itunze vya zamani au itunge vipya.

Jijini New York ipo bendi inayofanya yote mawili tangu Februari 1966. Leo inaitwa Vanguard Jazz Orchestra, na siku yake ni Jumatatu usiku, katika klabu ya Village Vanguard. Klabu yenyewe ni chumba cha chini ya ardhi chenye umbo kama la pembetatu, kinachochukua watu 123 tu. Wapigaji ni 16: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, piano, besi na dramu. Piga hesabu: ukumbi ukijaa, ni mwanamuziki mmoja kwa wasikilizaji wasiozidi wanane. Mfanyabiashara gani angekubali hesabu hiyo? Lakini wamo humo mpaka leo.

Waanzilishi walikuwa Thad Jones, mpiga tarumbeta aliyetoka kwa Count Basie, na Mel Lewis, mpiga dramu aliyepitia kwa Stan Kenton; Basie na Kenton walikuwa viongozi wa bendi kubwa za jazi. Mwishoni mwa 1965 walikuwa wakifanya mazoezi usiku wa manane, maana wenzao wengi walikuwa na vibarua vya studio mpaka jioni. Jumatatu nayo ilifaa kwa sababu ndiyo siku wanamuziki wengi wa mji ule huwa hawana kazi. Nota walizoanza nazo zina kisa chake: nyingi ni kazi ambazo Jones aliziandika kwa ajili ya Basie, Basie akaona haziendani na bendi yake, akamwachia mwenyewe. Kwa hiyo bendi tunayoiona leo kama mlinzi wa mapokeo ilianza na vitu ambavyo mkubwa mmoja wa mapokeo hayohayo hakuvitaka!

Ilipofika 1979 Jones alikuwa ameshahamia Denmark. Lewis angeweza kupiga kazi za mwenzake mpaka watu wachoke, kama zinavyofanya bendi kadhaa za jazi zinazoishi kwa jina la marehemu. Hakufanya hivyo. Alimwita Bob Brookmeyer, mpiga tromboni aliyekuwemo tangu mwanzo, awaandikie mambo mapya, tena magumu. Lewis akafariki 1990, wapigaji wakaishika wenyewe kwa ushirika. Lewis akafariki 1990, wapigaji wakaishika wenyewe kwa ushirika. Tuzo ya Grammy waliyopata mwaka 2009 ilitokana na rekodi iliyofanyiwa humohumo klabuni.

Sasa turudi nyumbani. Watu wanadhani tulichokosa sisi ni makao. Si kweli. NUTA Jazz iliundwa 1964 na chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadilika, JUWATA kisha OTTU, hadi ikawa Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na wapenzi tukaiita Sikinde. Mpiga tarumbeta alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na mpenzi alijua ni siku gani aende ukumbi gani. Hilo tulilijua kabla hatujafundishwa na mtu.

Tulichokosa ni karatasi. Jones alipoondoka, majalada ya nota yalibaki kwenye bendi; kijana aliyeingia miaka ishirini baadaye alikuta sehemu yake imeandikwa, mstari kwa mstari. Kwetu marehemu Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz, alipanga sauti za Mlimani Park kwa namna ambayo mpaka leo hazijapata mfano, na zimebaki vichwani mwa wachache.

Chukua rekodi yoyote ya Redio Tanzania ya miaka ile, subiri tarumbeta ziingie baada ya waimbaji. Ya kwanza unaisikia vizuri. Ya pili imejificha nyuma ya gitaa la rithimu, na mdomo wa bata, yaani saksafoni, unajibu kwa chini. Kijana anayejifunza kwa simu anaikamata ya kwanza, ya pili anabahatisha. Akishindwa, kinanda kinaziba pengo. Ndivyo wapulizaji walivyopungua jukwaani, na wimbo unabaki na jina lake tu.

Najua nitaambiwa dansi ni muziki wa sikio, ukiuandika unaua. Magitaa mnaweza kuyaacha yalivyo, na chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezeka, ibaki ya siku hiyo. Hata Jones na nota zake zote alikuwa akisimama mbele akibadili mpangilio papo hapo kwa mikono: hapa rudieni, hapa saksafoni peke yake.

Ombi langu kwa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na kwa wanaofundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apewe nyimbo mbili za dansi, akae na mzee aliyepuliza au aliyezisikia zikifanyiwa mazoezi, aandike sehemu zote za upulizaji, nakala moja ibaki chuoni na nyingine iende kwenye bendi. TBC, iliyorithi Redio Tanzania, iwafungulie rekodi zake. Baraza la Sanaa la Taifa ligharamie nauli za wazee, si fedha nyingi.

Na viongozi wa Msondo na Sikinde, tafadhali, wekeni walau wimbo mmoja mpya katika kila onyesho, wenye tarumbeta halisi, hata kama ukumbi mzima unapiga kelele ukitaka ule wa 1985. Tutanuna kidogo, kisha tutacheza.

Mpenzi wa dansi,
Temeke, Dar es Salaam